Sanje Hupandwa Kuanzia Ijumaa Jioni

Mara ya kwanza kupanda Udzungwa tulikwenda kama watu wanaokwenda harusini. Tulikuwa sita: watano wa kazini na shemeji yangu aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Tulikubaliana kuondoka Ifakara saa 1 asubuhi. Saa 1 tukawa watatu. Saa 2 tukawa watano, tunamsubiri mwenye gari aliyekwenda kujaza mafuta. Kiberege tukasimama kunywa chai. Kufika Mang'ula tukagundua kwamba hakuna aliyenunua chakula, na kwamba hela ya kiingilio iko kwenye simu iliyobaki nyumbani inachajiwa. Tunaanza kupanda kuelekea maporomoko ya Sanje, ni saa 7 mchana, jua la utosi.

Kijana aliyetuongoza alitutazama viatuni, akatazama saa yake, akasema, "Leo mtaona maporomoko kwa chini tu." Tukakata rufaa. Akatusikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, halafu akarudia sentensi ile ile. Tulipogeuka kurudi, raba za shemeji zilikuwa zimefungua midomo kama kambale, nyayo zinapiga makofi kila anapokanyaga. Tukachana khanga ya mwenzetu mmoja tukazifunga. Giza likatukuta bado tuko ndani ya miti, tunamulika njia kwa simu. Tulipotokeza barabarani tulishangaa: nje kulikuwa bado na mwanga, watoto wanacheza mpira, mama mmoja anaanua nguo.

Tangu siku ile nina kanuni moja. Safari ya mlimani naipanga kuanzia mwisho. Siulizi tena tutaondoka saa ngapi. Nauliza tutakuwa tumetoka msituni saa ngapi, halafu nahesabu kurudi nyuma mpaka nifike kitandani kwangu.

Sababu yake unaweza kuiona kwa macho. Ukitoka Ifakara kwenda Mang'ula, bonde liko kulia kwako, ukuta wa mlima uko kushoto, upande wa magharibi. Jua huchomoza upande wa bonde na kuupiga mlima usoni asubuhi yote. Likishapinda, linazama nyuma ya mlima. Kivuli kinafika Sanje na Mang'ula mapema kuliko kinavyofika Ifakara mjini, na juu ya kivuli hicho kuna paa la majani ya msitu mnene. Saa 11 jioni, wakati mtu wa Ifakara bado anaona kusoma gazeti, wewe ndani ya msitu tayari unapapasa pa kukanyaga.

Sasa hesabu yenyewe, kwa wanaokwenda Sanje na kurudi siku hiyo hiyo. Mzunguko wa maporomoko ya Sanje ni wa saa 4 hivi kwa mwendo wa kawaida. Weka saa 1 na nusu ya kupumzika, kula, kuogelea na kupiga picha, maana hakuna mtu anayepanda mpaka pale akaacha kupiga picha. Ukitaka kuwa umetoka saa 8 mchana, lazima uanze kutembea saa 2 na nusu asubuhi. Kutoka makao makuu ya hifadhi Mang'ula, unapojiandikisha, mpaka Sanje ni kilomita 9 hivi kuelekea Kidatu, na kuandikishana na kulipa kunakula nusu saa au zaidi. Kwa hiyo uwe getini saa 1 na robo. Ifakara mpaka Mang'ula ni chini ya kilomita 50, lakini vijiji vimefuatana na matuta yake, vibao vya 50 navyo havina mchezo. Hesabu saa nzima. Gari ling'oke saa 12 na robo, kunapopambazuka. Wewe uamke saa 11.

Ukiniuliza mbona tunakimbilia kutoka saa 8 wakati giza liko mbali, nitakuambia kwamba kati ya saa 8 na saa 10 ni akiba. Mtu atateguka mguu. Mvua itanyesha. Mwenzenu mmoja atakaa juu ya jiwe na kutangaza kwamba yeye haendi tena. Ikitokea mojawapo mtakuwa na saa 2 za kulishughulikia kabla ya kivuli. Isipotokea, mtakula chakula cha mchana Mang'ula mkiwa mmeketi kwenye viti.

Kwa anayekuja kutoka Dar es Salaam au Morogoro hesabu hii haifanyi kazi bila kulala njiani. Ni safari ya kupitia Mikumi, kukatiza hifadhi yenyewe polepole kwa sababu faini ya kugonga mnyama imeandikwa barabarani kwa kila mnyama na bei yake, kisha Mikumi mjini kukunja kushoto kuelekea Kidatu. Lala Mang'ula. Kuna nyumba za wageni za kila mfuko, na kuna kambi pembeni ya hifadhi. Treni ya TAZARA nayo ina stesheni Mang'ula, na ni safari nzuri kwa mtu asiye na haraka. Mimi siifungi treni kwenye ratiba ya siku moja.

Wengi wanaitafsiri hifadhi hii kwa macho ya Mikumi, na hapo ndipo wanapokosea. Mikumi unamwona twiga ukiwa umekaa, soda mkononi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992 na yenye kilomita za mraba 1,990, ni ya miguu. Hakuna barabara ya gari ya kuizunguka humo ndani. Inaanzia chini kabisa, mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu usawa mmoja na mashamba yetu ya mpunga, na kupanda hadi kilele cha Luhombero kilichopita mita 2,500. Ukija na gari la magurudumu manne au ukija na bodaboda, getini mnakuwa sawa.

Lami nayo imetudanganya kidogo. Wakubwa zangu wanaikumbuka barabara ya Kidatu hadi Ifakara ilivyokuwa masika: abiria wanashuka, wanakunja suruali, wanasukuma basi, wanapanda wakiwa rangi moja na barabara. Safari ya aina hiyo ilimlazimisha mtu kujiandaa. Sasa kilomita 66.9 zile ni lami, unateleza, na unafika chini ya mlima na viatu vya kanisani ukiwa unaamini kwamba mambo yataendelea hivyo hivyo. Lami inaishia getini.

Turudi Ijumaa jioni, maana kazi kubwa iko hapo. La kwanza ni simu. Piga ofisi ya hifadhi mapema, kabla watu hawajafunga kazi, useme mko wangapi, mnataka njia ipi, na kama kuna mtoto au mzee. Hakuna kuingia bila mwongozaji, na Jumamosi za likizo shule huja na mabasi; ukitokea bila taarifa mtakaa kwenye benchi mkingoja aliyepanda na kundi la kwanza ashuke. Uliza pia kama njia iko wazi, kwa sababu mti ukianguka au mvua ikichimba daraja la miti, wao ndio wanaojua.

La pili ni malipo. Noti hazipokelewi getini. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi. Kwa hiyo hakikisha hela iko kwenye simu mtakayokwenda nayo (nasema hivi kwa uchungu), na simu mbili za mitandao tofauti ni bora kuliko moja. Chukua kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni wa nje havikaribiani hata kidogo, na sura yako siyo ushahidi.

La tatu ni gari. Siyo lazima liwe jipya. Angalia maji ya rejeta, tairi la spea lina upepo, jeki ipo na spana ya magurudumu inaingia kwenye nati zenu. Nimewahi kuona watu wazima wanne wakiwa wameizunguka pancha moja kwa saa nzima kwa sababu spana ilikuwa ya gari jingine. Jaza mafuta Ijumaa. Jumamosi alfajiri siyo saa ya kuanza kutafuta kituo kilichofunguliwa.

La nne, viatu, na hapa nitakaa kidogo. Yaliyompata shemeji yanawapata wengi, hasa wenye viatu vizuri. Raba ikikaa kabatini miaka miwili bila kuvaliwa, gundi yake inakauka na kupoteza nguvu huku kwa nje inang'aa. Ukiipeleka kwenye njia yenye unyevu na mteremko inaachia nyayo nzima. Wiki moja kabla, vaa viatu hivyo uende navyo sokoni na kurudi, mara mbili tatu. Vikiwa na nia ya kukusaliti, vifanye hivyo mbele ya fundi. Viatu vipya navyo vina ubaya wake, vinachubua kisigino. Viingizwe barabarani kwanza. Soli iwe na meno. Na kata kucha za vidole vya miguuni usiku huo. Wakati wa kupanda hutajua faida yake. Wakati wa kushuka, vidole vinasukumwa mbele ndani ya kiatu kila hatua kwa saa 2, na kucha ndefu inaweza kuamka nyeusi kesho yake. Kabla ya kushuka kaa chini, fungua kamba, rudisha kisigino nyuma kabisa, ufunge tena kwa nguvu juu karibu na kifundo.

Nguo: suruali nyepesi ndefu, na ncha zake uzichomeke ndani ya soksi. Unaonekana kichekesho, lakini siafu hawachagui wa kumcheka, na upupu ukikugusa mguu mtupu utaukumbuka siku nzima. Jinzi ikilowa inakuwa mzigo, iache. Chukua fulana ya kubadilisha na koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe. Na kila kundi liwe na khanga angalau moja. Khanga ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo pale kwenye maji, ni kitambaa cha kufungia mkono ulioteguka, ni kitu cha kukalia jiwe lenye unyevu, na kama ulivyosikia, ni kamba ya viatu vya shemeji.

Maji lita 2 kwa kila mtu, lita 3 kwa mwenye jasho jingi. Chini ya mlima joto la bonde linakamua kweli, na kosa la kawaida ni kubeba maji mengi na kuyanywa kidogo kwa kuogopa yataisha. Kunywa kabla ya kiu. Weka pakiti mbili za ORS kwenye mfuko. Zinapatikana duka lolote la dawa na hazina uzito. Mtu akilalamika kichwa na kizunguzungu, kaeni kivulini, mnyweshe polepole, na huo ndio mwisho wa kupanda kwake siku hiyo.

Chakula cha njiani sisi watu wa Ifakara tumejaliwa. Alfajiri kabla ya kuondoka, yule mama wa vitumbua atakuwa ameshawasha moto. Simama hapo hata kama una haraka, mwamkie shikamoo, umtazame anavyogeuza. Unga ni wa mchele wetu wenyewe, umeloweshwa tangu jana, na kitumbua anakidokoa pembeni kwa spoku ya baiskeli, anakizungusha mara moja, upande wa chini unakuja juu ukiwa rangi ya asali. Kumi kwa mtu mmoja wanatosha, najua vitumbua havina nafsi lakini vile vinastahili kuhesabiwa hivyo. Ongeza mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu na karanga. Wali wenye mchuzi usibebe. Kufika saa 6 kwenye joto lile utakuwa umebadilika tabia. Na usifungashe kwenye mfuko wa plastiki, ulishapigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Kikapu cha ukili au chombo cha kufunika kinatosha, na kinarudi na maganda yenu.

Barabarani asubuhi hiyo mpinzani wako ni baiskeli. Ifakara ni mji wa baiskeli na alfajiri zinatoka zote: zenye magunia, zenye mkaa, zenye mtoto mbele na mama nyuma, nyingi bila taa. Tembeza gari kana kwamba kila kivuli ni mtu. Kwenye vijiji shika 50 bila kubishana. Wanaotembea na tochi mchana kweupe siyo wavuvi wa usiku, ni trafiki. Msimu wa kiangazi, ambao ndio msimu mzuri wa kupanda, ndio huo huo miwa inavunwa. Kuanzia maeneo ya Msolwa kwenda Kidatu utakutana na matela ya miwa yamejazwa kupita kiasi, na miwa imedondoka kwenye lami. Usilifuate tela kwa karibu.

Kuna sehemu karibu na Mang'ula ambayo napenda kuwaonyesha wageni. Ni njia ya tembo wanaoshuka kutoka Udzungwa kuvuka bonde kuelekea upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Barabara ya lami ilipojengwa, chini yake ikaachwa njia ya wao kupitia. Mchana huoni kitu. Usiku ni habari nyingine, na hiyo ni sababu ya pili kwa nini sitaki mrudi Ifakara gizani.

Mkifika getini, semeni ukweli. Mwongozaji anauliza kama kuna mwenye pumu, presha, mimba au goti bovu, na watu wanakohoa na kutazama miti. Mwambie. Anachopanga ni mwendo, na mwendo wa kundi ni wa yule wa mwisho. Mweke mtu huyo mbele, nyuma tu ya mwongozaji. Ukimwacha nyuma, kila anapowafikia mnapumzika, ninyi mmeshapumzika mnaondoka, yeye hajapata hata dakika moja. Nimeona mtu mzima anatokwa machozi kwa kosa hilo.

Ni njia ipi? Kama mna watoto wadogo au mzee, maporomoko ya Prince Bernhard yako karibu na makao makuu, hata saa nzima hayamalizi. Jina hilo ni la mtu wa familia ya kifalme ya Uholanzi aliyekuja kwenye ufunguzi wa hifadhi mwaka ule wa 1992. Njia ya Sonjo ni ya saa chache na haina watu wengi. Kwa wanaoanza naipendekeza kuliko Sanje. Sanje ndiyo yenye sifa, maji yanashuka kama mita 170 kwa ngazi tatu, na ukisimama juu unaliona bonde lote limelala mbele yako, miwa, mpunga, reli, mpaka macho yanachoka. Mwanihana ni jambo jingine kabisa: kilomita 38, siku 3 na usiku 2, kilele kimepita mita 2,000, na askari mwenye silaha anakwenda nanyi kwa sababu tembo na nyati wapo. Kule juu kuna baridi ambayo mtu wa Kilombero haijui. Kila mita 100 unazopanda joto linashuka zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo ukiacha nyuzi 28 chini, juu unazungumzia 17, na usiku chini ya hapo. Usiende Mwanihana kama hujawahi kumaliza Sanje ukiwa na nguvu za kucheka.

Njiani nyamazeni. Siyo kwa sababu ya heshima tu. Mkipiga kelele hamuoni kitu. Mbega mwekundu wa Udzungwa utamsikia juu akiruka, tawi linapiga kelele kama mtu anayetandika kitanda. Nyani aitwaye ng'olaga mtafute chini, maana hukaa sana ardhini akichakura majani. Huyu ana hadithi yake. 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa msituni juu ya Sanje kwa ajili ya mbega, wakasikia mlio wasioujua. Mwenyeji waliyekuwa naye akawaambia, huyo ni ng'olaga. Kijijini wakaonyeshwa mmoja aliyekuwa akifugwa. Vitabu vikaandika kwamba nyani mpya amegunduliwa, akapewa jina la Sanje. Kwa hiyo mwongozaji akikunong'oneza jina la mti au ndege, liandike kama anavyolitamka, hata kama hulioni kwenye kitabu chako.

Fimbo ya kutembelea njoo nayo kutoka nyumbani. Usivunje tawi. Tangu 2011 wanavijiji wanaopakana na hifadhi hawaruhusiwi kuokota hata kuni kavu humo, jambo ambalo zamani waliruhusiwa kwa siku maalumu, na akina mama wa Mang'ula na Sanje wameubeba mzigo wa katazo hilo jikoni kwao. Mgeni anayekatiza kijijini kwao na fimbo mbichi mkononi anawaambia jambo baya bila kufungua mdomo.

Kwenye maji, ogeleeni panapoonyeshwa na mwongozaji, na msiruke. Chini kuna mawe. Halafu kuna hatari ambayo mtu wa Ifakara hapaswi kufundishwa. Mto Lumemo unatoka milima hii hii, na wote tumeona unavyoingia mitaani kwetu siku ambayo mjini halijadondoka tone. Mvua imenyesha juu, maji yamefika chini. Mabwawa ya Sanje yana tabia hiyo. Mkiwa majini mkaona yamegeuka rangi, au yanaleta majani na vijiti ambavyo havikuwepo, au mngurumo umebadilika sauti, tokeni wote, acheni ndala. Ndiyo maana pia nawashauri mwende kati ya Juni na Oktoba. Machi hadi Mei maporomoko yanapendeza zaidi kuliko wakati wowote, na njia inateleza zaidi kuliko wakati wowote; mwenye kutaka picha hiyo aipige kwa chini.

Mkishuka, mpeni mwongozaji chochote mlichojaliwa, mkononi, na asante ya maneno. Kama mlitoka Arusha au mji mwingine wa baridi, laleni ndani ya chandarua na mwili ukipanda joto ndani ya wiki chache zijazo pimeni malaria mara moja, mkimwambia daktari mlikuwa wapi. Hapa Ifakara kumekuwa na kituo cha utafiti tangu 1957, na watafiti wa malaria hawakujazana hapa kwa kupenda mchele tu.

Shemeji alirudi mwaka uliofuata na viatu vingine. Tuliondoka saa 12 na robo, tukafika juu kabisa ya Sanje kabla ya saa 5, na saa 8 kasoro tulikuwa barabarani tunachagua machungwa. Jioni hiyo nyumbani alitaka kuvianika viatu juani, karibu na bati. Nikamzuia. Kiatu kilicholowa unatoa soli ya ndani, unakijaza magazeti, unakiweka kivulini penye upepo, na kesho yake unabadilisha magazeti. Kikikaushwa kwa jua kali gundi inaachia, na safari ijayo kitafungua mdomo.